Mfuko wa Sita

Zege letu lilikuwa zuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililonikosesha raha.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi, chumba chenye vumbi jeupe sakafuni na feni moja inayolalamika, nikimwangalia fundi wa maabara akipanga mchemraba wetu wa zege kwenye mashine ya kuuminya. Kila siku ya kumwaga zege tunajaza michemraba kama hiyo, tunailoweka kwenye maji siku ishirini na nane, halafu inaminywa mpaka ipasuke ili tujue jengo lina nguvu kiasi gani. Tulihitaji ishirini na tano kwenye kipimo cha mashine. Mshale ulifika ishirini na tano ukapita bila hata kusalimia. Ukafika thelathini, ukafika thelathini na tano. Kwenye thelathini na nane ndipo mchemraba ulipotoa mlio na kuachia.

"Mama Kilo," fundi wa maabara akasema huku akifuta miwani kwa pindo la koti, "kila anayeingia hapa ananililia zege dhaifu. Nyie lenu limeshiba. Mnalilisha nini?"

"Saruji kidogo na majivu ya pumba za mpunga."

"Basi hayo majivu niletee na mimi nipake magoti."

Alicheka peke yake. Mimi nilichukua karatasi yangu ya majibu nikatoka, nikazunguka gari mara mbili kabla ya kukumbuka kwamba funguo nilikuwa nazo mkononi.

Mama Kilo ndiye mimi. Mafundi wote wa kampuni wananiita hivyo, mbele yangu na nyuma yangu, kwa sababu kazi yangu ni kupima moshi wa majengo. Mtu akisikia hivyo anadhani napima bomba la jikoni. Hapana. Mfuko wa saruji umechomwa kwenye tanuri kabla hujaugusa, nondo imeyeyushwa, kigae kimechomwa. Hewa ukaa yake imeshatoka na imeshapanda, wala hairudi hata jengo likikaa miaka mia bila kuwashwa taa. Mimi naijumlisha yote kwa kilo, naigawanya kwa mita za mraba za sakafu, napata namba moja. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo hamsini unakuja na kilo arobaini na tano hivi za hewa hiyo. Siku ya kwanza nilipowaeleza mafundi, mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya toroli. "Moshi una kilo?" aliuliza. "Basi mke wangu na kuni zake ana tani."

Jengo lenyewe lilikuwa wodi ndogo ya wazazi, ghorofa mbili, mita mia mbili na arobaini za sakafu. Wafadhili walikuwa wameweka sharti: jengo lisizidi kilo mia tatu na ishirini za hewa ukaa kwa kila mita ya sakafu. Nilikuwa nimewaahidi mia tatu na kumi. Ili nifike hapo nilishusha saruji kutoka mifuko saba kwa kila mita ya ujazo ya zege hadi mitano, pengo nikalijaza kwa majivu ya pumba yaliyosagwa laini. Nilipigania mchanganyiko ule kwa kucha na meno. Niliuchanganya mwenyewe maabara, mara nne, mikono ikachubuka. Na mara zote nne ulinipa ishirini na nane au ishirini na tisa, kamwe si zaidi.

Sasa thelathini na nane ilitoka wapi? Zege haliamki siku moja likaamua kujitahidi.

Na hapa lazima nijiseme. Michemraba ya msingi nayo, miezi miwili nyuma, ilikuwa imetoka thelathini na sita. Nilifurahi. Sikuuliza. Nilikaa nikaandika taarifa ndefu ya kusifia majivu ya pumba, nikaipamba kwa michoro ya rangi, nikampa bosi wetu. Angekuwa mwingine aliyefanya hivyo, ningemcheka.

Bosi wetu tunamwita Injinia tu, kana kwamba hakuna mwingine duniani. Nilipofika ofisini alikuwa ameshapata habari. Fundi wa maabara alikuwa amempigia simu. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya wodi iliyobandikwa ukutani, ile yenye nguzo nne nene mlangoni alizozichora yeye mwenyewe na ambazo hazibebi chochote isipokuwa sifa zake.

"Thelathini na nane!" alisema. "Kaa basi, dada."

"Nitasimama."

"Haya simama, habari ni tamu hata kwa aliyesimama. Nimeongea na wale wa saiti ya pili. Keshokutwa wanamwaga slabu ya bweni la wasichana. Kama mifuko mitano inatupa thelathini na nane, basi tuna nguvu za kutupa. Nimewaambia washuke hadi minne."

Mifuko minne na majivu niliwahi kuijaribu. Ilinipa kumi na tisa, na siku moja kumi na saba. Slabu ya bweni, vitanda vya chuma juu yake, wasichana wamelala juu na wengine wamelala chini.

"Tusubiri kwanza," nikasema.

"Tusubiri nini? Wewe ndiye uliyeandika." Alifungua droo akatoa taarifa yangu, ile ya michoro ya rangi, akaigonga kwa kidole. "Umesema hapa, ukurasa wa tatu, kwamba majivu yanafanya vizuri kuliko tulivyotarajia na kwamba kuna nafasi ya kupunguza zaidi. Nimekusikiliza. Watu wananilaumu sisikilizi, leo nimesikiliza."

"Nipe siku ya leo. Kuna kitu sikielewi."

Aliangalia saa. "Saa kumi jioni wanapima majivu na kuandaa. Ukiwa na la kusema, uwe umeshalisema kabla ya hapo."

Niliendesha kwenda saiti huku nikijibishana na kioo. Labda maji yalipunguzwa. Labda kokoto ni nyingine. Labda mashine ya maabara imeharibika, ingawa nilijua ilikuwa imekaguliwa wiki iliyopita. Kila labda nililoliinua lilianguka. Na nyuma ya hayo yote kulikuwa na mtu mmoja ambaye sikutaka kumfikiria, kwa kuwa msimamizi wa zege wa saiti ile ni Mjomba.

Mjomba ni mdogo wake Mama. Baba yangu alikuwa mwashi. Alifariki kazini nikiwa na miaka tisa, slabu ya duka moja ilipoanguka mbao zilizoishikilia zilipoondolewa. Tangu siku hiyo Mjomba ndiye aliyenishika mkono kunipeleka shule, ndiye aliyekuja vikao vya wazazi akiwa na saruji kwenye nyusi, ndiye aliyenifundisha kusoma ramani ya jengo kabla mwalimu yeyote hajanifundisha. Nilipopata kazi hii nilimwombea naye apate. Nilisema mbele ya Injinia: huyu hawezi kukudhulumu hata kijiko cha mchanga.

Nilianza na stoo. Mtunza stoo alinifungulia daftari lake na kila kitu kilikuwa sawa: mifuko iliyoingia, mifuko iliyotoka, mitano kwa kila mita, saini juu ya saini. Sikuwa na la kushika. Nikamshukuru, nikapanda kwenye slabu ya juu ambayo tulikuwa tumeshaimwaga mwezi uliopita, nikajibanza nyuma ya rundo la nondo kama mwizi wa kuku.

Chini yangu walikuwa wanaanza kumwaga ngazi. Mashine yetu inabeba mita moja ya ujazo kwa mzunguko. Niliwahesabu: mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kokoto, mchanga, ndoo za majivu. Maji. Pipa likazunguka. Kisha Mjomba akaenda nyuma ya tangi la maji, akafunua turubai, akarudi na mfuko begani, yeye mwenyewe, mzee wa miaka sitini na mbili mwenye mgongo mbovu. Akaupasua kwa ncha ya mwiko na kuumimina. Na hili ndilo lililonichoma: mafundi wote sita waligeuza nyuso pembeni. Mmoja alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa mabuti ya mpira.

Wote walikuwa wanajua. Saiti nzima ilikuwa inajua isipokuwa Mama Kilo na namba zake.

Nilishuka ngazi za mbao mbili mbili. Kufika chini hasira ilikuwa imenipanda mpaka masikioni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama." Aliona uso wangu, akaona nilikotokea. Akakunja mfuko mtupu mara mbili, taratibu, akauweka kwapani. "Umeona."

"Njoo huku."

Tulisimama nyuma ya tangi. Chini ya turubai kulikuwa na mifuko mingine minne, ya kiwanda tofauti na kile kinachotuuzia sisi. Hata hakuiba ya stoo. Alikuwa ameinunua.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu msingi."

"Kila mzunguko?"

"Kila mzunguko. Mmoja tu."

Kichwa changu kinafanya hesabu hata nikiwa sitaki. Mita sitini na tano za ujazo zilikuwa zimeshamwagwa. Mifuko sitini na tano, mara arobaini na tano, gawanya kwa mia mbili na arobaini. Kilo kumi na mbili kwa kila mita ya sakafu. Mia tatu na kumi yangu ilikuwa mia tatu ishirini na mbili, na miezi yote hiyo nilikuwa nikitembea nayo kifua mbele. Kisha jambo jingine likaniingia.

"Pikipiki yako," nikasema. "Ulisema daktari amekuambia utembee kwa miguu."

"Daktari naye alisema."

"Uliiuza."

Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mjomba, unajua umenifanya nini? Unajua nimesimama mbele ya watu wangapi na ile namba? Nilikuonyesha majibu ya maabara. Nilikukalisha kwenye meza ya Mama, nikakuchorea, nikakuambia mifuko mitano inatosha na ziada inabaki. Ukaitikia kwa kichwa. Ukasema nimeelewa, mpwa wangu, umesoma. Kumbe unanifanya mtoto!"

"Sikukufanya mtoto." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilielewa kila ulichosema. Kichwa kilielewa. Mkono ndio ulikataa."

"Mkono ulikataa nini?"

Akavua kofia ngumu. Nywele zake zilikuwa zimelala kwa jasho.

"Lile duka lililomwangukia baba yako," alisema, "zege lake nilichanganya mimi."

Hilo sikuwahi kulisikia. Niliambiwa slabu ilianguka. Watoto wakiambiwa slabu imeanguka hawaulizi nani aliichanganya.

"Mwenye kazi alikuja siku hiyo akasema punguza mfuko mmoja kila mzunguko, hakuna atakayejua. Nilikuwa kijana, nimepewa usimamizi wiki ya kwanza. Nikapunguza. Shemeji alikuwa juu ananyoosha zege kwa ubao, mimi niko chini napunguza. Wiki tatu baadaye tukatoa mbao." Alizungusha kofia mikononi. "Tangu siku ile sijawahi kuchanganya zege bila kuongeza mfuko mmoja. Saiti zote. Mwenye kazi akinipa, naongeza wa kwake. Asiponipa, naongeza wangu. Huo mfuko ni wa baba yako, mama. Siwezi kuuacha."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Sijui binadamu wengine hufanyaje wanapotaka vyote viwili. Mimi nilipiga tangi la maji kwa kiganja, likalia, na mafundi wakageuka.

Ningeweza kunyamaza. Wacha niseme wazi, kwa sababu nililifikiria, tena kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Ningemwambia aache kuanzia leo, ningesahihisha namba kimyakimya nikitafuta pa kupunguza, na kwa Injinia ningetunga hadithi ya kokoto mbaya. Mzee angebaki kazini miaka yake michache iliyobaki. Angebaki na jina lake. Yule mtu aliyekuja kwenye vikao vyangu vya shule na saruji kwenye nyusi asingefukuzwa na mpwa wake mbele ya vijana aliowafundisha kushika mwiko. Lakini saa ilikuwa saa nane na nusu, na bweni lilikuwa linasubiri saa kumi.

"Mjomba, nisikilize vizuri. Injinia ameona nguvu za michemraba yako. Hajui kuna mfuko wa sita. Anadhani ni mitano ndiyo imefanya hivyo, kwa kuwa mimi nimemwandikia hivyo. Sasa ameagiza saiti ya pili wamwage bweni la wasichana kwa minne."

Aliniangalia kama hajanisikia.

"Minne na majivu?"

"Minne na majivu. Keshokutwa."

"Na kule nani anasimamia zege?"

"Sijui. Si wewe. Kule hakuna wa kuongeza."

Mzee alikaa chini. Hakutafuta kiti, hakutafuta tofali, alikaa pale pale kwenye tope la tangi, suruali yote ikalowa. Niliona midomo yake ikihesabu, kama yangu inavyohesabu. Nilijua anahesabu nini, na sikumsaidia.

"Ni ule ule," alisema mwishowe. "Ni ule mfuko niliopunguza. Nimeupunguza tena."

"Hujapunguza wewe. Mimi ndiye niliyeandika taarifa bila kuuliza."

"Niinue," akasema. "Twende kwa huyo Injinia wako."

Njiani mimi ndiye niliyesema kwa wawili: nilimtukana dereva wa lori, nikamtukana mwenye kuweka tuta barabarani, nikamwambia Mjomba aniachie mimi niongee kwa kuwa najua jinsi ya kulipanga. Alikuwa ameshika kofia yake magotini kwa mikono miwili. Tulipofika aliingia kabla yangu, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshamaliza.

"Injinia, kwenye zege la wodi naongeza mfuko mmoja kila mzunguko. Nimeongeza sitini na tano, na leo mmoja wa ngazi. Ni saruji yangu, nimenunua. Mifuko mitano haikukupa thelathini na nane. Sita ndiyo imekupa. Tafadhali piga simu kule kwingine wasimwage."

Nitampa Injinia haki yake: simu aliipiga kwanza. Alisema maneno matatu, simamisheni kila kitu, akasubiri mpaka wa upande wa pili akayarudia. Kisha akaweka simu mezani, na hapo ndipo alipolipuka.

"Unajua umeniharibia namba?"

"Namba ilikuwa imeharibika siku nyingi," nikasema. "Leo ndiyo tumejua. Ni mia tatu ishirini na mbili. Tumevuka kikomo kwa kilo mbili."

"Kilo mbili! Na wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi!"

"Ondoa nguzo nne za mlangoni na lile paa la zege lililo juu yake. Hazijamwagwa bado. Unarudisha kilo sita. Unabaki mia tatu na kumi na sita."

Aligeuka akaiangalia picha yake ukutani. Kwa muda nilidhani ananifukuza mimi kwanza.

"Nguzo zangu?" alisema.

"Hazibebi kitu."

"Zinabeba mlango, dada! Mtu akija anaona hapa ni mahali!"

"Mwanamke mwenye uchungu haangalii nguzo."

Alikaa, akakwangua ukingo wa meza kwa ukucha. Hakusema ndiyo, lakini alichukua kalamu akazungushia nguzo kwenye ramani, kwa wino mwekundu, bila kunitazama. Halafu akamgeukia Mjomba, na sauti yake ikashuka, na kushuka huko ndiko kulikoniogopesha.

"Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini jengo siwezi kulijua kama sijui kilichomo. Ukiniongezea bila kuniambia ni sawa na kunipunguzia bila kuniambia. Kesho usije saiti."

"Injinia," nikaanza, "huyu mzee ana miaka arobaini ya—"

"Nyamaza, mama," Mjomba akasema. "Amesema kweli."

"Mjomba, acha niseme!"

"Nimesema nyamaza." Akaweka kofia juu ya meza ya Injinia, akaisukuma kidogo isianguke, akatoka.

Nilimkuta kwenye gari, mlango wazi, miguu nje. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa ya hovyo. Nikamwambia nitamtafutia kazi kwingine. Nikamwambia Injinia atatulia. Nikamwambia samahani.

"Bweni wamesimamisha?" aliuliza.

"Umemsikia mwenyewe. Wamesimamisha."

"Basi nipeleke kwa dada."

"Ukapumzike kwanza nyumbani kwako."

"Nikipumzika sitakwenda. Miaka ishirini na sita nimepumzika."

Mama anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, cherehani yake dirishani, vitambaa vya bluu vimerundikana mpaka kwenye viti. Tulimkuta anakanyaga, uzi mdomoni. Aliniangalia mimi, akamwangalia mdogo wake na suruali yake ya tope, akaendelea kukanyaga.

"Mmegombana," alisema.

"Hatujagombana, Mama."

"Basi mmefanya jambo baya zaidi. Sogezeni vitambaa mkae."

Mjomba hakusogeza kitambaa. Alisimama katikati ya chumba, mikono haijui pa kwenda, akamwambia yote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma daftari la stoo: mwenye kazi alisema nini, mifuko mingapi ilipungua, siku gani mbao zilitolewa. Kisha mifuko aliyoongeza tangu hapo. Kisha bweni. Kisha kazi iliyokwisha leo. Aliposema "nilikuwa chini napunguza", Mama aliacha kukanyaga, na gurudumu la cherehani likazunguka lenyewe mpaka likasimama.

Nilijiandaa. Nilisogea karibu na Mama ili nimshike akianguka, au nimshike asimrukie mdogo wake, sikujua ni lipi.

Mama alitoa uzi mdomoni.

"Nilijua," alisema.

Mjomba alitikisa kichwa kana kwamba hajaelewa lugha.

"Marehemu mwenyewe aliniambia. Alirudi jioni ya siku ile mliyomwaga, akanawa, akasema: zege la leo ni jepesi, shemeji amebanwa na mwenye kazi, naliona likitiririka kama maji ya kufulia. Hakukulaumu. Alisema ulikuwa huna raha."

"Alijua?" sauti ya Mjomba ilivunjika. "Na akapita chini yake?"

"Siku ya kutoa mbao aliamka akasema haendi. Alisema, leo mimi nalala, waende wengine." Mama alikuwa ananyoosha kitambaa cha bluu kwa viganja, juu, chini, ingawa hakikuwa na mkunjo. "Mimi ndiye niliyemvuta shuka. Nilimwambia mwanamume mzima analalaje siku ya kazi. Nikamtafutia viatu."

Mjomba alipiga magoti pale kwenye vitambaa, akaweka kichwa kwenye ukingo wa cherehani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama aliweka mkono kwenye nywele zake zenye vumbi la saruji, lakini hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa ananiangalia mimi, mtoto wake anayepima.

"Yeye kasema, na leo wamemwachisha kazi," aliniuliza. "Mimi wa kuniachisha ni nani?"